Bima ya afya kwa mgeni mzee wa Dar: jinsi ya kuichagua bila kutoboka mfuko

Barua ilikuwa na mistari minne. Mitatu ya kunishukuru kwa utumishi wangu, mmoja wa kunijulisha kwamba kadi yangu ya bima ya afya itazimwa tarehe 31, siku ileile mkataba wangu wa kazi unapokwisha. Nilikuwa na miaka 61, presha ya miaka tisa, ngiri ambayo daktari alishaniambia ikatwe, na pasipoti ya Kenya. Nilikuja Dar es Salaam mwaka 1996 kufanya kazi ya uwakala wa forodha bandarini, nikazoea, nikabaki. Miaka yote hiyo bima kwangu ilikuwa kitu cha kuonyesha dirishani: unatoa kadi, unaweka kidole, unakwenda kukaa kwenye benchi. Mkataba wenyewe sikuwahi kuusoma hata ukurasa mmoja.

Sasa nina 68. Nimeshanunua bima tatu kwa pesa yangu, na mbili kati ya hizo nilizinunua vibaya. Ninayoyaandika hapa ni kwa mgeni mwenzangu aliyevuka miaka 55 na anayekusudia kuzeekea Dar, awe Mkenya, Mkongo, Mhindi au Mwingereza. Ni pia kwa Mtanzania aliyerudi nyumbani na pasipoti ya nje. Huyo ndiye hushtuka kuliko wote: mtaani ni mwenyeji, majirani wanamwita mjomba, lakini kwenye fomu ni mgeni, kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho kabla ya kununua kipya

Kama bado uko kazini, anza leo, usingoje barua. Muulize mwajiri na kampuni ya bima swali moja kwa maandishi: nikistaafu, naweza kuendelea na bima hii kama mtu binafsi bila kuanza upya muda wa kusubiri? Baadhi ya kampuni hukubali ukiomba kabla kadi haijazimwa. Ukienda wiki moja baada ya kuzimwa, wewe ni mteja mpya mwenye miaka 61 na presha. Mimi nilikwenda baada ya miezi mitano. Ngiri nikaikata kwa pesa ya kiinua mgongo.

Kisha tazama nyumbani kwenu. Mkenya akumbuke kwamba NHIF ya Kenya haipo tena: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake imechukuliwa na SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya kule, na mchango ni asilimia 2.75 ya kipato, usiopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Mimi naendelea kuchangia. Haitanisaidia usiku wa manane Mbezi Beach, lakini kwa jambo linaloweza kungoja, kama mtoto wa jicho au goti, kuna basi la Mombasa kila siku na dada yangu yuko Kisauni.

Aliyekuja kutoka Uingereza asijidanganye na NHS, huduma ya afya ya serikali ya kule. Matibabu ya bure ya hospitali kule humfuata mtu anayeishi kule kwa kawaida, si mtu aliyechangia miaka 40. Ukihamia Dar moja kwa moja, haki hiyo unaiacha uwanja wa ndege. Na kuna jambo la pili ambalo wengi hawaliweki kwenye hesabu: pensheni ya serikali ya Uingereza haipandi kila mwaka kwa mstaafu anayeishi Tanzania. Inabaki pale ilipokuwa ulipoondoka, huku ada ya bima ikipanda kila siku yako ya kuzaliwa. Mmarekani naye ajue kwamba Medicare, bima ya serikali yao ya wazee, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya Marekani. Lakini asikimbilie kuifuta: anayeacha sehemu B, ile inayolipia madaktari na matibabu ya bila kulazwa, kisha akairudia baadaye bila sababu inayokubalika hutozwa nyongeza ya asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyokaa bila sehemu hiyo, na nyongeza hiyo kwa kawaida huilipa maisha yake yote.

Jambo dogo la kumalizia hapa. Ile bima ya dola 44 ambayo mgeni anayeingia Zanzibar analazimika kuilipa tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ni bima ya msafiri. Nimemsikia mzee mmoja akijisifu barazani kwamba amepata bima ya afya kwa dola 44. Ile ni ya safari yake ya Unguja. Kisukari chake hakimo.

Hatua ya 2: Chora ramani ya usiku

Chukua karatasi. Upande mmoja andika magonjwa uliyonayo na yale yaliyowasumbua wazazi wako. Upande wa pili andika hospitali utakayokimbizwa saa nane za usiku, na hospitali utakayokwenda mchana ukiwa unatembea kwa miguu yako.

Hospitali hizi mbili si lazima ziwe moja. Mtu wa Oysterbay au Masaki anavuka Daraja la Tanzanite na anatokea karibu kabisa na Aga Khan, Barack Obama Drive. Wa Mikocheni ana Kairuki na TMJ jirani. Wa Upanga ana Regency, na Muhimbili iko palepale. Lakini wa Kigamboni, kabla hajafika kwenye hospitali kubwa, ana maji mbele yake: kivuko cha Magogoni au Daraja la Nyerere. Na wa Bunju asihesabu kilomita, ahesabu foleni ya Barabara ya Bagamoyo saa kumi na mbili jioni. Bima inayokupa hospitali nzuri mjini na isikupe hata kituo kimoja cha maana upande wako wa jiji ni bima ya mchana tu.

Kwa magonjwa makubwa ya uzeeni, njia nyingi za Dar zinaishia sehemu zilezile. Moyo ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Nyonga, uti wa mgongo na ajali za kichwa ni MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili. Saratani ni Ocean Road. Macho, wengi huenda CCBRT Msasani. Figo, Muhimbili ndiko ulikofanyika upandikizaji wa kwanza nchini, Novemba 2017. Kwa hiyo unapopewa orodha ya hospitali za bima, usivutiwe na urefu wake. Tafuta majina haya kwanza. Nimewahi kupewa orodha ndefu ambayo MOI haikuwemo, na mtu wa miaka 60 kitu kinachomngoja ni kuteleza bafuni.

Halafu usiishie kwenye orodha. Piga simu au nenda mwenyewe kwenye dirisha la bima la hospitali hiyo, uliza: bima hii mnaipokea leo? Mnaipokea kwa kulazwa au kwa wagonjwa wa nje tu? Wale mabinti wa dirishani wanajua kampuni ipi inalipa kwa wakati na ipi inawasumbua, na ukiwaamkia vizuri watakwambia kwa uso hata kama hawatakwambia kwa mdomo. Mambo haya hubadilika. Machi 2024, NHIF ya Tanzania, yaani mfuko wa bima wa taifa wa hapa, ilipobadili bei za kitita chake cha huduma, baadhi ya hospitali binafsi zilisimamisha kwa muda kuwapokea wanachama wake. Waliokuwa na kadi mkononi walijikuta wanatafuta mahali pa kuipeleka.

Hatua ya 3: Jua milango mitatu

Mlango wa kwanza ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali. Leo una vifurushi kwa watu binafsi pia, na tangu ilipotungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 mambo yamekuwa yakipangwa upya. Mgeni asichukue jibu la mtaani hapa, la ndiyo wala la hapana. Nenda ofisini na pasipoti, kibali chako cha ukaazi na namba ya utambulisho kama unayo, uulize kifurushi kipi kinamkubali mtu wa umri wako na hadhi yako ya ukaazi. Uzuri wa mlango huu ni kwamba hospitali za serikali zote kubwa unazipata. Ubaya wake kwa mgeni ni kwamba ukitaka kupelekwa nje ya nchi, umekwenda dirisha lisilo lako.

Mlango wa pili ni kampuni binafsi za hapa nchini. Jubilee, Strategis na Assemble ni majina utakayoyakuta ukutani kwenye hospitali nyingi za Dar. Kwa mgeni mzee wa kipato cha kati, mara nyingi jibu liko kwenye mlango huu. Kadi inapokelewa bila wewe kulipa kwanza, ofisi iko hapahapa unaweza kwenda kuketi mpaka usikilizwe, na mipango mingi inakwenda hadi Afrika Mashariki na India, kwa sababu wagonjwa wa huku njia ya India wameizoea miaka mingi.

Mlango wa tatu ni kampuni za kimataifa kama Cigna, Bupa au Allianz. Hizi zina ukomo mkubwa sana, yaani kiasi cha juu zinachoweza kukulipia kwa mwaka, na zinakufuata ukihama nchi. Lakini ada yake inakwenda kwa dola au pauni, na mwenye pensheni ya shilingi anakuwa na magonjwa mawili: lake na la kubadilisha fedha. Ukiuchagua mlango huu, omba mpango usioihusisha Marekani. Matibabu ya kule ni ghali kiasi kwamba kuyaondoa tu kunapunguza ada kwa kiasi cha kuonekana. Kama hujapanga kuugulia Houston, ya nini kulipia?

Kampuni ya hapa nchini ikikupa bei kwa dola, uliza kwa nini. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni.

Hatua ya 4: Uliza umri kabla ya kuuliza bei

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na ndipo ninapowaona wenzangu wakikosea. Tunaingia ofisini, binti anatuamkia, “Shikamoo mzee,” tunaitika marahaba, tunaketi, na swali la kwanza linalotutoka ni: shilingi ngapi? Anatupa bei ya mwaka huu. Tunaondoka tumefurahi.

Bei ya mwaka huu haina maana kwa mtu wa miaka 63. Atakayeihitaji bima yenyewe ni wewe wa miaka 74. Kwa hiyo maswali ni haya, kwa mpangilio huu, na majibu uyatake kwa maandishi au kwa kuonyeshwa kifungu kwenye mkataba.

Mwanachama mpya anapokewa mwisho miaka mingapi? Kampuni nyingi zinafunga mlango katikati ya miaka ya sitini, nyingine mapema zaidi. Hili ndilo linalokuambia kama una muda wa kulinganisha au una wiki mbili tu kabla ya siku yako ya kuzaliwa. Na uliza wanahesabuje umri: ulionao leo, au utakaofikisha siku ya kuzaliwa ijayo? Tofauti ya mwezi mmoja inaweza kukutupa nje.

Nikishaingia, mtanihuisha mpaka lini? Kuna mipango inayomkata mwanachama akifika 70 au 75, hata kama amelipa bila kukosa. Kuna inayoendelea maisha yote mradi hukuacha mwaka katikati. Bima nafuu inayokutoa ukiwa na 70 si nafuu hata kidogo. Umewalipa miaka yako ya afya, wakakurudisha mtaani miaka yako ya ugonjwa, na kwa umri huo hakuna mwingine atakayekupokea. Ile bima yangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Kifungu kilikuwemo ukurasa wa kumi na moja, kwa herufi za kawaida kabisa, sikufichwa kitu. Sikufika ukurasa wa kumi na moja.

Ada inapandaje? Makundi ya umri huenda kwa ngazi, na ngazi za juu ni ndefu kuliko za chini. Omba jedwali lote la ada hadi umri wa mwisho, si mstari wako peke yake. Ukinyimwa jedwali, chukua hiyo kuwa ni jibu.

Je, nikiugua sana mwaka huu, mwaka ujao mnaweza kuniongezea ada mimi peke yangu, au kuuondoa ugonjwa huo kwenye bima? Binti atasita kidogo. Mwache asite, usimsaidie. Jibu la swali hili lina thamani kuliko vipeperushi vyote alivyokupa.

Hatua ya 5: Jaza fomu kama uko mbele ya kadhi

Kosa langu la pili. Fomu iliuliza: una shinikizo la damu? Wakala aliyekuwa ananisaidia akasema, “Mzee, si unatumia dawa na iko sawa? Andika hapana, tusichelewe.” Nikaandika hapana. Mwaka wa kwanza ukapita vizuri. Mwaka wa pili nikalazwa siku nne kwa moyo kwenda mbio. Kampuni, ambayo jina lake nalisitiri, ikaomba faili langu la zamani hospitalini, ikaona miaka yote ya dawa za presha, ikakataa kulipa. Nilikwenda na hasira nikitaka kumwita wakala. Wakala alishaacha kazi pale, na saini kwenye fomu ilikuwa yangu.

Mkataba wa bima umejengwa juu ya kuambizana ukweli wote. Ukificha, unalipa ada kwa kitu ambacho siku yake ikifika hakipo. Kwa hiyo nenda hospitali uliyotibiwa, omba muhtasari wa historia yako: presha, sukari, moyo, figo, tezi dume kwa wanaume, upasuaji wote, dawa zote na dozi zake. Uambatanishe na fomu na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ule muhuri ndio wakili wako.

Ukishasema ukweli, yatatokea mojawapo ya manne. Watakukubali kama ulivyo, watakukubali kwa nyongeza ya ada, watakukubali bila ugonjwa ule, au watakukataa. La tatu lisikutishe mapema. Mtu ambaye presha yake imetulia na dawa zake ni za bei ndogo anaweza kukubali presha itolewe, mradi aulize jambo moja: nikipata kiharusi, mtasema kimetokana na presha? Maana wakisema hivyo, hawakuondoa presha, wameondoa kiharusi, moyo na figo kwa pamoja. Hapo ni bora ulipe nyongeza.

Kuna pia muda wa kusubiri. Ajali kwa kawaida inalipwa tangu mwanzo, ugonjwa wa kawaida baada ya wiki chache, upasuaji wa kupangwa na magonjwa sugu baada ya miezi mingi, wakati mwingine mwaka au zaidi. Kampuni kadhaa za kimataifa zina njia nyingine: hazikupimi mwanzoni, ila ugonjwa wa zamani hauguswi mpaka upite miaka miwili mfululizo bila dalili wala dawa. Kwa mwenye presha ya kila siku, miaka miwili bila dawa haitakuja. Yeye akubali kupimwa kikamilifu.

Hatua ya 6: Soma ukomo mdogo, uachane na mkubwa

Kwenye kipeperushi utaona ukomo wa mwaka kwa herufi nono: milioni 50, milioni 100. Chini yake, kwa herufi za kawaida, kuna ukomo mdogo mdogo: magonjwa sugu kiasi fulani, macho kiasi fulani, kitanda kwa siku kiasi fulani, MRI moja kwa mwaka. Mzee anaishi kwenye ukomo mdogo. Ule mkubwa huenda asiufikie kamwe.

Nikupe hesabu ya mfano. Weka bei zako mwenyewe mahali pa zangu. Tuseme mpango A una kulazwa na matibabu ya nje, yaani ya kutibiwa bila kulazwa, ada ni shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Mpango B ni kulazwa tu, ada 1,700,000. Wewe unatumia dawa za 60,000 kwa mwezi, sawa na 720,000 kwa mwaka. Unamwona daktari mara nne kwa 50,000, ambayo ni 200,000. Na vipimo vya 250,000. Jumla ya matibabu yako ya nje ni 1,170,000. Kwa mpango B utatumia 2,870,000 yote kwa yote. Mpango A unaonekana kuukaribia, na una raha ya kadi. Lakini kama A umeweka ukomo wa 500,000 kwa magonjwa sugu, na gharama zako zote ni za ugonjwa sugu, utaongeza 670,000 mfukoni mwako: jumla 3,670,000. Tofauti ni laki nane.

Ndiyo maana mimi leo nina bima ya kulazwa tu. Dawa zangu nanunua duka la dawa Kariakoo, za majina ya kawaida yasiyo ya chapa, na zile laki nane nazitia benki kwenye akaunti ambayo mke wangu naye anaweza kutoa. Mwenye maradhi matatu na dawa za gharama asinifuate; kwake mpango A unaweza kuwa ndio nafuu. Afanye hesabu.

Hatua ya 7: Punguza ada mahali pasipouma

Kubali kubeba kiasi cha kwanza mwenyewe. Ukiiambia kampuni kwamba kila nikilazwa laki tano za mwanzo ni zangu, ada inashuka, na laki tano unaweza kuziweka akiba. Lakini kuchangia asilimia 20 ya bili yote bila kikomo ukuogope, kwa kuwa asilimia 20 ya upasuaji wa moyo si pesa ya akiba.

Tafuta kundi. Bima ya kundi mara nyingi hulegeza umri na muda wa kusubiri kuliko bima ya mtu mmoja. Kundi si lazima liwe mwajiri. Kampuni yako ndogo uliyoisajili, chama cha wenzako wa nchi moja, jumuiya ya kanisa au ya msikiti, klabu: uliza kama kampuni ya bima inakubali. Kundi liwe la kweli. Wafanyakazi wa kubuni ni fomu ya uongo nyingine, na hilo nimeshalisema.

Kusafirishwa kwa ndege kwa dharura unaweza kukununua kando. AMREF Flying Doctors, wanaorusha ndege zao kutoka Wilson, Nairobi, kazi hiyo wameifanya tangu 1957 na wana uanachama wa mwaka. Kwa anayekaa Dar mjini si lazima. Anayekwenda mara kwa mara shambani Kilwa au Mafia, afikirie.

Na kusafirisha maiti. Wageni wengi tunawekewa humo bila kuuliza. Mimi ni Mwislamu. Nikifia Dar nitazikwa Dar, Kisutu au popote patakapopatikana nafasi, kabla dada yangu wa Kisauni hajamaliza kukata tiketi. Niliomba kipengele hicho kitolewe, ada ikashuka kidogo. Mke wangu alikasirika kwa kuwa nililisema mbele ya wakala. Mwenye familia inayotaka akazikwe Kisumu au Kinshasa asikitoe, maana gharama yake bila bima inawaangukia watoto.

Hatua ya 8: Hakiki, lipa, kisha ijaribu

Kampuni, wakala na dalali wote wanapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Hakiki kabla ya kulipa. Dalali wa bima hulipwa kamisheni na kampuni, hivyo akikudai ada ya ushauri juu yake, uliza ni ya nini. Kwa mzee, dalali mzuri anafaa kuliko wakala wa kampuni moja, kwa sababu anaweza kukuwekea mipango mitatu mezani.

Lipa kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo iliyotolewa na kampuni, kamwe si kwenye simu ya mtu. Lipa kamili kwa wakati. Tanzania bima haianzi mpaka ada ilipwe.

Kadi ikitoka, usiiweke kabatini kungoja siku mbaya. Muda wa kusubiri ukiisha, itumie kwa kitu kidogo. Mwenye matibabu ya nje akapime sukari. Mwenye kulazwa tu kama mimi, nenda dirishani uombe wakuangalie kwenye mfumo kama uko hai. Mara yangu ya kwanza jina langu lilikuwa limeandikwa kwa herufi moja pungufu na alama ya kidole haikusoma. Lilirekebishwa kwa siku mbili nikiwa mzima. Ningekuwa juu ya machela, siku mbili ni nyingi.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi na kifungu walichokitegemea. Andika malalamiko kwa kampuni kwanza, kisha TIRA, na ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima hapa Tanzania kwa ajili ya mtu asiye na pesa ya kwenda mahakamani. Nenda na ile nakala yenye muhuri.

Mwisho, tarehe. Kibali cha ukaazi na bima visiishe mwezi mmoja, maana mbio za ofisi mbili kwa mara moja ndizo zinazomfanya mzee asahau moja. Mimi bima yangu inaisha Februari na naanza kuishughulikia Desemba. Nyuma ya mlango wa sebuleni nimebandika karatasi: jina la kampuni, namba ya kadi, simu ya kuomba kibali cha kulazwa saa 24, hospitali ya kwanza, hospitali ya pili, dawa ninazotumia, na simu ya kijana wa Bajaji anayelala mtaa wa pili. Kijana huyo amenisomea karatasi yote kwa sauti, mara mbili, nikimsikiliza.